Paa la Binti Haruna

Kitongojini kwetu mwanamke akibishana na watu, hawamwambii mbishi. Wanamwambia, na wewe unataka kuwa Binti Haruna. Wanalisema kama tusi, tena wanalisema watu ambao nimewaona kwa macho yangu wakiwa wameketi kitandani kwa huyo Binti Haruna, simu sikioni, wanaongea na jamaa zao. Nimechoka. Mimi Maimuna ni jirani yake, na siku walipokuja kumwezulia paa nilikuwemo ndani ya nyumba. Kwa hiyo habari hii msimsikilize mtu mwingine.

Kwanza mumjue. Binti Haruna ni msuka makuti. Alifundishwa na mama yake hapa hapa, nyuma ya kijiji cha Kinjumbi, akiwa bado msichana mdogo, na mpaka leo vidole vyake havijui kukaa bure. Kuti analipasua katikati, analilowesha mpaka lilainike, kisha anaketi barazani, miguu ameinyoosha, analisuka huku anakueleza makosa yako. Ana mdomo, sikatai. Marehemu mumewe, Rashidi, alikuwa mtu mpole sana, na wapo waliosema upole ule hakuzaliwa nao, ulimjia baada ya ndoa. Nyumba yao waliijenga wao wawili, Rashidi akifunga fito, yeye akikandika udongo, na katika paa lile hapakuwa na kuti ambalo halikupita mikononi mwake. Kila mwaka kabla ya masika hutoa yaliyooza akaweka mapya. Rashidi alipofariki hakuacha, ila tangu hapo kupanda juu humwomba mtu.

Makuti yake yanajulikana. Hoteli za ufukweni kule Kilwa Masoko hutuma gari kuyachukua, wageni walale chini yake na kuyapiga picha. Sisi majirani zake, wakati huo, tulikuwa tunayakimbia.

Maana ilikuja ile miaka ufuta ukawa na bei. Kila aliyevuna aliezeka bati. Alianza mwenyekiti wetu wa kitongoji, Abilahi, akaweka bati nyekundu, akajenga na kuta za matofali ya saruji na madirisha ya nondo. Mwingine akaweka za kijani. Mimi zangu ni za bluu, na nilipoziona zimepigwa misumari nilijiona mtu. Mchana tulitazamana tumefinya macho kwa ule mng'ao. Ikabaki nyumba moja tu ya makuti, iliyo ya kwanza ukishuka kilima, na mwenyewe wala hakuonyesha kuona haya.

Sasa simu. Sisi tuko bondeni. Mnara uko ng'ambo ya kilima, upande wa barabara ya lami, na hata siku njema mtandao unatufikia umechoka. Lakini ulikuwa unafika. Nakumbuka nilikuwa najilaza kitandani, chini ya makuti yangu ya zamani, naongea na mwanangu aliyeko Lindi mpaka salio linakatika. Baada ya bati, ukiingia ndani simu inakufa. Unaita haloo, haloo, unatoka mlangoni, unaizunguka nyumba, na habari ya msiba unaimalizia umesimama kwenye tope mvua inakunyeshea. Wala hakuna aliyeunganisha simu na bati, kwa sababu hatukuezeka siku moja. Leo huyu, mwakani yule, na kila mtu alidhani simu yake ndiyo mbovu. Tukabadilisha simu, tukabadilisha laini, tukamlaumu muuza vocha.

Abilahi alilalamika kwa kampuni ya simu mpaka wakatuletea fundi, kijana mmoja mtaratibu anaitwa Sixbert, alikuja na pikipiki. Sixbert akasimama uwanjani kwa mwenyekiti akapiga simu, ikaita. Akaingia sebuleni akapiga, kimya. Akatoka tena, ikaita. Basi akatueleza. Alisema mawimbi ya simu yanakuja hewani kutoka mnarani, kilima kinayapunguza nguvu, na hayo machache yanayovuka yakifika kwenye bati yanagonga na kurudi, kwa sababu chuma hakiyapitishi. Ukiongeza kuta nene na nondo za dirishani, ndani hakiingii kitu. Akasema pia kwamba siku ya Idi watu wote wanapiga kwa mkupuo, mnara unalemewa, na mawingu yakikaa siku nyingi betri zake za jua zinaishiwa nguvu. Hakutumia neno hata moja gumu.

Lakini Abilahi alivimba. Alisema mtu amelima ufuta mpaka mgongo umepinda, ameezeka bati kama binadamu wenzake, halafu aje kijana wa watu amwambie bati ndiyo kosa? Alisema kampuni imemtuma aitetee, na tena aje kuyatukana maendeleo yetu. Watu wakaitikia. Sixbert akavaa helmeti yake akaondoka, chai akaiacha imejaa kikombeni.

Alipotoweka, wakakata shauri lao wenyewe, na hapa naomba msicheke. Zamani tulipokuwa tunatazama televisheni za betri, antena tulijitengenezea kwa vifuniko vya sufuria tukavitundika juu ya mti mrefu, na picha ilikuja safi. Kwa hiyo, walisema, chuma hakizuii, chuma kinavuta. Kinachozuia ni majani. Na majani yako wapi? Yako kwa Binti Haruna, kati yetu na mnara, yanaunywa mtandao wote kabla haujatufikia. Watu wazima waliafikiana hivyo, na wala hakuna aliyekwenda kujaribu. Binti Haruna mwenyewe hana simu, hajawahi kuwa nayo, na sisi tukimtembelea tunaishia barazani, nje, ambako simu inaita kama inavyoita nje kwa kila mtu. Mimi nilitundika kifuniko cha sufuria ya pilau dirishani kwangu, kikakaa pale mpaka sikukuu nilipokihitaji.

Wakamwendea, Abilahi mbele na wazee kadhaa nyuma yake. Wakamwambia kwa maneno ya adabu kwamba paa lake linawakosesha watu mawasiliano, hivyo kwa faida ya wote aweke bati. Aliwasikiliza huku anasuka. Alipojibu hakuinua kichwa. Alisema paa lile lilikuwepo kabla ya mnara, na mnara ulipojengwa haukuja kupiga hodi kwake, basi kama kuna wa kuhama, wakauambie mnara. Abilahi akamkumbusha kuwa yeye ni mwenyekiti. Akamjibu kwamba uenyekiti wake unaishia ukingoni mwa makuti, na hapo alipokaa alikuwa amekwisha kuyapita, maana alikuwa kivulini.

Hawakumsamehe kivuli kile. Kisimani akifika, mazungumzo yalikatika. Kwenye mkutano wa kitongoji alitajwa kuwa ndiye anayekwamisha. Mtu simu yake ikikata, analitazama lile paa na kufyonza. Mimi nilimwambia, dada, weka hata bati chache mbele, watu wanyamaze. Akaniuliza kama nimechoka kuwa jirani yake. Nilinyamaza mimi.

Walipoona hasogei, wakamzunguka. Binti Haruna ana mtoto mmoja, Hussen, mwenye gereji Mbagala. Mtoto mzuri, anamkumbuka mama yake, ila kuja ni mara moja moja. Abilahi akapanda kilimani akampigia. Hakumweleza habari ya mtandao peke yake. Alimwambia huku nyumbani watu wanasema umemtupa mama yako, wewe unajenga mjini na yeye analala chini ya majani, kitongoji kizima ni yeye tu. Mnajua neno kama hilo linavyomwingia mtoto wa kiume. Hussen hakuuliza swali. Alinunua bati, akakodi fuso, akatuma salamu kuwa siku fulani anakuja kumwezekea mama.

Kwetu kuezeka ni kazi ya watu wote. Wanaume wanapanda, wanawake wanapika, na hakuna anayesubiri kualikwa. Asubuhi ile fuso liliposhuka kilima, ngazi zilikuwa zimekwisha kuegemezwa ukutani kwa Binti Haruna, na wanawake wamewasha moto uwanjani kwake wanakuna nazi. Mwenyewe alikuwa barazani, anasuka. Hussen akateremka, akatupa shikamoo sisi wakubwa, akamwendea mama yake, akapiga goti. Aliitikia marahaba, akamshika kichwa, akamuuliza habari za mkewe na wajukuu. Kisha akalitazama fuso.

"Hizo bati za nani?"

"Zako, mama."

"Mimi sikuagiza bati."

Akainuka, akachukua mzigo wake wa makuti yaliyoloweshwa, akaniita kwa jina, tukaingia ndani. Akapanda kitandani, akakunja miguu, akaendelea pale pale alipokuwa amefika. Nilidhani amekwenda kulia. Kumbe alikuwa anajiweka sawa, na alipokwisha kujiweka sawa akapaza sauti iliyofika mpaka kwa waliokuna nazi.

"Haya, ezueni. Mimi nimo ndani na sitoki. Anayetaka kukanyaga juu ya kichwa changu apande, na wa kwanza awe mwanangu."

Kwetu mtoto hakanyagi juu ya kichwa cha mama yake. Mtu anaweza kukosana na mwenyekiti, na kampuni, na nusu ya ukoo, na bado akala akashiba. Radhi ya mama ni jambo jingine. Na kama mtoto hapandi, nani mwingine atapanda kulibomoa paa la mwanamke aliyeketi chini yake? Nilimsikia Abilahi anamhimiza huyu, anamhimiza yule, na kila mmoja akaona ngazi ni ya mwenzake. Yeye mwenyewe hakuigusa.

Hatimaye Hussen akaingia. Alikaa chini kwenye mkeka, akajifuta jasho. Lile jitu lenye mikono ya grisi lilikuwa limenywea. Akasema taratibu kwamba watu wanamsema, kwamba hawezi tena kutembea Mbagala kwenye misiba ya watu wa kwetu bila mtu kumuuliza habari ya nyumba ya mama yake.

"Wanasema nimekutupa," alisema.

"Umenitupa?"

"Sijakutupa, mama."

"Basi hilo tunalijua mimi na wewe. Hao wengine unawaezekea wao au unaniezekea mimi?"

Nikamwonea huruma, wallahi, maana hata mimi nilikuwa nimekwisha kulisema lile neno, barazani kwangu, kwa mdomo huu huu, na wala sikuwa wa kwanza. Alifungua mdomo aanze upya, na hapo ndipo simu yake ilipoita mfukoni.

Alipokea kwa mazoea tu, kama mtu yeyote. Alikuwa fundi wake wa gereji. Mteja ameleta gari, inatoa mlio kwenye injini, fundi anataka kuifungua aone, lakini mwenye gari amesema isifunguliwe. Hussen alisikiliza kidogo, halafu akawaka. Kazini pale naona hana mzaha.

"Sikiliza. Mwenye gari hajakubali, usiguse hata nati. Hata kama unajua ugonjwa wake. Hata kama unamsaidia. Si gari yako."

Akakata simu. Binti Haruna alikuwa ameacha kusuka. Katika miaka yote ya ujirani wetu sikuwahi kuviona vidole vile vimetulia, kuti likiwa mapajani halijaisha. Alimtazama mwanawe tu. Hussen naye akamtazama, akaitazama simu, akainamisha kichwa, na polepole nikaona maneno yake mwenyewe yanamrudia. Alijikokota mpaka kitandani, akashika miguu ya mama yake.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini usirudie."

Wao walikuwa kwenye yao. Mimi kilichonishtua ni kingine, kwa sababu na kwangu, kwenye pindo la kanga nilikofunga simu, ilianza kulia: ujumbe wa jana, ujumbe wa juzi, wa mwanangu, wa dada yangu wa Tingi, wote ukimiminika. Ndani ya nyumba. Nikaitazama alama ya mtandao, nikatazama juu, makuti. Nikatoka mbio mpaka kwangu, nikaingia chumbani chini ya bati zangu za bluu. Imekufa. Nikarudi kitandani kwa Binti Haruna. Inaita. Nilimkumbuka yule kijana Sixbert na chai yake.

Sikuweza kuizuia habari hiyo, na sikutaka. Nilisimama mlangoni nikawaambia wote waingie na simu zao wajaribu. Wakaingia kwa zamu, wenye ngazi, wenye mbuzi za kukunia nazi, wote. Kila mmoja alitoka amebadilika uso. Abilahi aliingia wa mwisho, akampigia shemeji yake aliyeko Songo Songo, wakasikilizana mpaka mambo ya kitoweo. Akatoka kwenye simu, akakohoa, na kwa kuwa ni mwanasiasa akaona ageuze upepo mapema. Akasema kwa sauti ya mkutanoni kwamba kumbe Binti Haruna alikuwa na hekima ambayo wengine hatukuiona, kumbe alijua siku zote kuwa makuti ndiyo yanayopitisha mtandao.

Mtu mwingine angeipokea sifa ile akaiweka kibindoni. Yeye alimkatiza.

"Sikujua. Simu sinayo na sijui inakujaje. Hata mtandao ungekuwa haumo humu ndani, paa hili lisingeezuliwa. Ungekuwa unazuiwa na makuti yangu kweli, lisingeezuliwa. Ni langu. Sasa tokeni kitandani kwangu."

Walitoka. Kisha akafanya jambo ambalo asubuhi nzima kitongoji kizima kilishindwa kumfanyisha. Alishuka kitandani, akatoka nje kwa miguu yake, akasimama mbali kidogo na ukuta, mzigo wa makuti begani. Akamwambia Hussen kuna mahali panavuja, juu ya kichwa cha kitanda, na kwa kuwa ngazi zimekwisha kuletwa si vizuri zirudi bure. Hussen akavua viatu. Alipanda, mama yake akiwa salama uwanjani, na akaanza kutoa makuti yaliyooza na kufunga mapya, huku anaelekezwa kutoka chini kwamba anafunga vibaya, baba yake hakuwa anafunga hivyo. Wali ulikuwa umeiva. Tulikula tukimtazama.

Zile bati zimeezekea banda la mbuzi wake. Binti Haruna anasema mbuzi hawana wa kuwapigia. Fuso halikurudi tupu Mbagala, lilijazwa makuti, na nasikia gereji ya Hussen sasa ina kibanda cha kivuli ambacho wateja wanakigombea.

Sisi wengine bati zetu tunazo, hatukuziezua. Tunazipenda, na mvua haituingii. Ukitaka kuongea umekaa, mahali pakavu, bila kupiga kelele, unakwenda kwa Binti Haruna. Hakatazi mtu. Ila ameweka sharti moja, kwamba ndani ya nyumba yake mikono haikai bure: simu unaibana kwa bega, na unapewa kuti la kusuka. La kwako likiwa limepinda analifumua mbele yako na unaanza upya, hata kama umekwisha kukata simu. Mwenyekiti aliomba asukie barazani, asionekane. Akaambiwa barazani simu inaita hata kwake, kwa hiyo ama arudi kwake, ama aingie ndani asuke. Sasa anasuka vizuri.

Mwezi uliopita binti yangu alibishana na mumewe juu ya shamba la mikorosho aliloachiwa na babu yake, ambalo mume alitaka liuzwe. Binti akakataa katakata. Mkwe wangu akaja kunishtakia, na katika hasira zake akasema binti yako huyu anataka kuwa Binti Haruna. Nilimkaribisha chai, nikamwambia mimi mama yake namwombea hilo kila nikiswali.